Mama Sikujua wa Maabara na Damu ya Mume Aliye Mbali

Kuanzia Jumanne, tarehe 30 Septemba 2003, Mama Sikujua Lukumani si mfanyakazi wa maabara yetu tena. Anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika hospitali hii ya Kisangani. Alipoajiriwa mwaka 1971 nchi ilikuwa inabadilishwa jina, na leo anapoondoka imekwisha kubadilishwa tena. Yeye hakubadilika: jina lilelile, kiti kilekile kando ya dirisha, na kilemba cheupe ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikiwa na doa.

Wenzangu wameniomba mimi, Adèle, niliyefanya kazi meza ya pili kutoka kwake kwa miaka tisa, niandike habari zake kwa ajili ya sherehe hii. Nimekubali kwa furaha, ingawa mkono unasita. Si rahisi kumwandikia mtu ambaye bado unataka aingie kesho asubuhi na kuuliza nani amefungua friji bila kuifunga vizuri.

Mama Sikujua ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo, katika mojawapo ya zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika hapa na misafara ya biashara wakaupenda mji na kubaki. Alisomea ufundi wa maabara hapahapa mjini, akawa mwanamke wa kwanza kupewa darubini katika hospitali yetu. Wanaume aliowakuta kazini walidhani ataolewa na kuondoka. Aliolewa kweli, lakini hakuondoka. Walioondoka ni wao, mmoja baada ya mwingine, na yeye ndiye aliyewapikia pilau la kuagana.

Kipimo alichokipenda kuliko vyote ni kile tunachokiita VS, yaani kasi ya damu kutulia. Damu huchanganywa na dawa ya kuizuia isigande, ikavutwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, na mrija ukasimamishwa wima kwa muda wa saa moja. Chembe nyekundu hushuka chini, maji ya manjano yakabaki juu, nasi tukasoma yameshika milimita ngapi. Mwilini kukiwa na uvimbe mkali, chembe hushikamana na kushuka upesi. Ni kipimo cha zamani, hakitaki umeme wala mashine, lakini kinataka utulivu. Mrija ukiinama kidogo tu, jibu linaharibika. Kwa hiyo aliyeegemea meza ya Mama Sikujua alijuta. Siku moja alimtoa nje mganga mkuu mwenyewe kwa kosa hilo, kisha akamfuata barazani na kikombe cha chai ya tangawizi ili asinune.

Watu wengi hapa wanajua kwamba alikuwa hodari wa VS. Wachache wanajua kwamba kipimo hicho alijifunza kukiheshimu nyumbani kwake, kwa sababu ya mume wake.

Mzee Idrissa alikuwa makanika wa meli za mto. Alipanda na kushuka kati ya Kisangani na Kinshasa, wiki kadhaa njiani, na kila aliporudi ovaroli yake ilinuka mafuta ya mazuti na samaki wa kukaushwa. Mwaka 1989 alianza kuharisha damu. Kama ilivyo kawaida kwetu, kila mtu alisema ni amiba. Alimeza vidonge vya amiba, akapona kidogo, ikarudi. Akameza tena, ikarudi kwa nguvu zaidi. Mama Sikujua alitazama kinyesi chake kwa darubini mara nyingi bila kumpata huyo mdudu. Mwishowe Mzee Idrissa alipofika Kinshasa na meli, madaktari walimwingiza kamera tumboni wakaona utumbo mpana umejaa vidonda. Ugonjwa huo wanauita rektokoliti. Haukuletwa na mdudu. Ni mwili wenyewe unaoushambulia utumbo wake. Unatulia kwa miezi, halafu unawaka tena bila kubisha hodi.

Kisangani haikuwa na kamera hiyo. Basi mke wake akawa anaufuatilia ugonjwa kwa njia aliyokuwa nayo, yaani damu. Kila Idrissa alipoteremka melini, kabla hajanywa hata maji, alinyoosha mkono. Mkewe alipima VS. Alipima CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi uvimbe unapowaka na ambayo hushuka upesi unapozimika. Alihesabu plaketi, zile chembe za kugandisha damu, ambazo huongezeka utumbo unapovuja. Alipima hemoglobini ajue damu imepungua kiasi gani, na albumini ajue mwili umechoka kiasi gani.

Alitufundisha sote kutoiamini namba moja peke yake. Malaria hupandisha CRP. Upungufu wa damu hupandisha VS hata pasipo uvimbe. Na wako wagonjwa ambao vidonda vyao viko sehemu ya mwisho tu ya utumbo, damu yao ikabaki shwari huku wao wanateseka. Alikuwa akituambia:

"Damu haikwambie jina ya ugonjwa. Inakwambia tu kama moto iko mingi ao kidogo. Donc, uangalie namba zote pamoja, na umuangalie mutu."

Mwezi Julai 1998 Mzee Idrissa alishuka na meli kwenda Kinshasa, injini ikahitaji kufunguliwa huko. Mwezi wa nane vita vikaanza. Kabla mwezi huo haujaisha, Kisangani ilikuwa upande mmoja na Kinshasa upande mwingine, na mto uliowaunganisha maisha yao yote ukafungwa na mstari wa vita. Hapakuwa na meli, hapakuwa na posta, simu zilikatwa. Ndege za uwanja wetu wa Bangboka zilielekea mashariki tu.

Mama Sikujua aliendelea na maisha. Alikuja kazini kwa toleka, baiskeli ya abiria, kwa maana petroli ilikuwa imekwisha mjini. Alipima damu za watu. Baada ya kazi alishuka bandarini, akatazama maji yanavyokwenda kule asikoweza kwenda yeye, kisha akarudi nyumbani. Ovaroli ya pili ya mumewe aliifua kila mwezi na kuianika uani, ingawa hakuna aliyeivaa. Binti yao Nadia, aliyeolewa Lubunga, ng'ambo ya mto, alivuka kwa mtumbwi akamsihi aiweke sandukuni. Alijibu kwamba nguo iliyofungiwa inavunda, na Idrissa hapendi harufu ya sanduku.

Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Halafu Sista Marthe, mtawa mmoja wa mtaa wa Mangobo aliyekuwa mgonjwa wetu wa kisukari, akamwambia kwamba nyumba yao ina phonie, ile redio ya kusemezana, na kwamba watawa wenzao wa Kinshasa wanayo pia, nao wangemtafuta Mzee Idrissa bandarini. Jumapili baada ya misa, wenye ndugu ng'ambo ya vita waliruhusiwa kusema maneno machache. Mama Sikujua, aliyekuwa hajakosa swala tangu utotoni, akawa hakosi pia kukaa kwenye benchi la watawa kila Jumapili, kilemba chake kati ya vitambaa vyao.

Nilimsindikiza mara ya kwanza. Kwenye phonie watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja. Mmoja humaliza, akasema "à vous", yaani zamu yako, ndipo mwenzake huanza. Kukatokea mlio kama mafuta yanayokaangika, halafu sauti ya Mzee Idrissa, nyembamba, kama imetoka ndani ya kopo.

"Siku, ni weye? À vous."

Mama Sikujua alishika kile kisemeo kwa mikono miwili. Sista Marthe akamgusa bega. Ndipo akasema neno lililowafanya watawa wacheke na kufuta macho kwa wakati mmoja:

"Idrissa. VS yako iko ngapi? À vous."

Ikawa ndiyo desturi yao. Redio ilisikilizwa na majeshi ya pande zote mbili, kwa hiyo hapakuwa mahali pa kumwambia mume kwamba kitanda ni kipana mno. Mume alipimwa damu katika hospitali ya watawa kule Kinshasa, Jumapili akamsomea mkewe namba. VS kumi na nne. Hemoglobini kumi na tatu. Plaketi laki tatu. Mama Sikujua alirudi na namba hizo kichwani, na Jumatatu alipoingia maabara tulijua kwa mwendo wake kama Idrissa amelala vizuri. Namba zikiwa nzuri alitumenyea karanga. Zikiwa mbaya aliosha mirija iliyokwisha kuoshwa.

Mapema mwaka 2000 askari wawili wa jeshi lililoushika mji walikuja kumchukua mbele yetu. Namba zilikuwa zimesikika. Huko ofisini kwao walidhani mama wa maabara anawahesabia adui wanajeshi na silaha za mji. Siku hizo watu waliingia katika ofisi ile na hawakutoka. Nadia, aliyekuwa amemletea mama yake chakula, alilia mlangoni. Daktari Ezéchiel, tabibu wetu kutoka Butembo, alivaa koti akawafuata, akazuiwa getini.

Baada ya muda askari mmoja alirudi akasema Mama anaomba "vile vyuma vya damu." Tulielewa. Nilifunga kishikio cha mirija, sindano na dawa ndani ya kitenge nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta Mama Sikujua amekaa mbele ya kamanda, mtu mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi. Hakuwa amepigwa. Kamanda alikuwa na karatasi ya namba mbele yake.

"Sabini na mbili," alisema. "Ni askari sabini na mbili? Ao masanduku?"

"Afande, ni milimita," Mama Sikujua alijibu. "Iko damu ya bwana yangu. Iko na ugonjwa ya matumbo. Wakati ile inapanda, anaikala mubaya."

"Kila mutu anaweza kusema vile."

"Bon. Nyoosha mukono."

Nilidhani tumekufa. Kamanda alimtazama, kisha, labda kwa uchovu, akakunja mkono wa shati. Mama Sikujua alimtoa damu kwa ule wepesi wake ambao mgonjwa huuliza kama sindano imekwisha kuingia. Akaichanganya, akaivuta kwenye mrija, akausimamisha juu ya meza ya kamanda na kusema:

"Sasa tungoje saa moja. Na musiegemee meza."

Hawakuegemea. Askari wenye bunduki walisimama mbali na meza ile kama watoto waliokatazwa kugusa keki. Ndani ya saa hiyo kamanda aliuliza mume wake ni nani, anafanya kazi gani, ana muda gani hajamwona. Mama Sikujua alijibu yote. Halafu yeye akauliza:

"Na weye, Afande? Mama wa nyumba iko wapi?"

Kamanda alitazama mrija. Maji ya manjano yalikuwa yanajitenga taratibu na ile nyekundu.

"Mbali," alisema. "Mutoto alizaliwa niko huku. Sijamuona."

Muda ukatimia. Mama Sikujua alisoma: thelathini na nane.

"Afande, uko na kitu mu mwili. Kitu gani, mi sijui. Lakini damu yako haiko sawa. Kuja kesho, tuangalie malaria, na kifua."

Kamanda alicheka, mara ya kwanza. Aliichukua ile karatasi, akamrudishia. Alisema aendelee na namba zake, ila kila mara ataje kwanza jina la kipimo, vijana wake wasichanganyikiwe tena. Kesho yake alikuja kweli, kwa mlango wa nyuma, bila walinzi. Ilikuwa malaria. Alitibiwa.

Tangu hapo ikatokea jambo ambalo mpaka leo linatuchekesha. Wale vijana wa kusikiliza redio waliizoea damu ya Mzee Idrissa. Mmoja wao alikutana na Sista Marthe sokoni akamwuliza kwa wasiwasi, "Sista, ile VS ya muzee imeshuka?" Alipoambiwa imeshuka alishukuru Mungu, akanunua ndizi zake na kuondoka.

Mwezi Juni mwaka huo majeshi mawili ya kigeni yalipigana kwa mizinga katika mji wetu, ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Sote tuliopo hapa tunazikumbuka siku zile sita na tuna majina ya marehemu ya kuzikumbukia, kwa hiyo sitayarudia. Nitasema tu kwamba Mama Sikujua alikuwa hospitalini zilipoanza na alikuwa hospitalini zilipokwisha. Alipanga damu za kuongezea majeruhi akiwa amekaa chini ya meza. Ukuta wa upande wa mto ulitoboka, friji ikapasuka, dawa zote za CRP zikaharibika. Mirija ya VS ilipona karibu yote, kwa sababu aliikinga kwa mwili wake.

Redio ya watawa ilivunjika pia. Kwa wiki nyingi Mzee Idrissa alisikia habari za Kisangani kwa redio za dunia tu: maiti, nyumba zilizoanguka, mji usio na maji. Hakujua kama mkewe yuko hai. Mama Sikujua alilijua hilo, na nadhani lilimtesa kuliko mizinga. Alikuwa akisema wazi wazi, akiwa ameshika mrija mkononi, "Pale alipo anafikiri nimekufa," kisha akaendelea na kazi.

Phonie ilipotengenezwa, sauti ya upande wa pili ilikuwa imebadilika. Mzee Idrissa alilia, akacheka, akamwita kwa majina yote ya ujana wao. Halafu mkewe akauliza kipimo.

"VS kumi," alisema. "Niko muzima kabisa, Siku. À vous."

"Hemoglobini?"

"Nane."

"Plaketi?"

"Laki sita na kidogo. À vous."

Mama Sikujua aliinamisha kichwa. Sisi tuliokuwa pale hatukuelewa mara moja. Daktari Ezéchiel alielewa, akasimama. Damu imekwisha nusu, plaketi zimejaa, halafu VS iwe ya kijana mwenye afya? Haziwezi kukaa katika mwili mmoja. Mbili zilikuwa za kweli kwa sababu Mzee hakujua maana yake. Ya tatu, ile anayoijua, aliitunga ili mke asihangaike.

"Idrissa," Mama Sikujua alisema polepole, "ile VS haiko yako. Ni ya nani? À vous."

Mlio wa mafuta tu. Kisha:

"Themanini na tano. Nisamehe. Ulikuwa na mizinga juu ya kichwa, mi nikwambie habari ya choo?"

"Unaenda choo mara ngapi?"

"Sihesabu tena."

Siku hiyohiyo alilazwa katika hospitali ya watawa, akaanza kupewa dawa kali ya mshipa ya kuzima uvimbe. Madaktari wa kule walikuwa makini na wakweli. Walimweleza Daktari Ezéchiel kwa phonie kwamba watangoja siku tatu: CRP ikianguka, dawa imeshika, ikibaki juu na damu ikiendelea kutoka, utumbo mpana wote utolewe kabla haujapasuka. Siku ya tatu walimsukuma Mzee Idrissa kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha redio, kwa kuwa alikuwa amekataa kukatwa. Alisema atasikia neno la mkewe kwanza.

Mama Sikujua alitoka kazini na koti lake. Daktari Ezéchiel alikaa kulia kwake, Sista Marthe kushoto, na mimi nyuma. Watu wengine waliokuwa wakingoja zamu yao walitoka nje bila kuambiwa.

"Siku, wanataka kutoboa tumbo, watie mufuko hapa mbele," alisema. Sauti ilikuwa ya mzee sana. "Mavi itatoka mu mufuko. Nitakuwa mwanaume gani? Nitapanda meli gani? Waniache. À vous."

Mama Sikujua alishika kisemeo. Hakumbembeleza. Aliuliza:

"CRP ya siku ya kwanza ilikuwa ngapi?"

"Mia moja na ishirini."

"Na ya leo?"

"Mia moja na kumi na tano."

"Na albumini?"

"Ishirini na mbili."

Nilimwona akifumba macho. Hizo ndizo namba alizokuwa amezisoma kwa watu wengine maisha yake yote na kuwapelekea madaktari bila kusema neno.

"Idrissa, unisikie vizuri. Sikuoni. Sijui kama umekonda, sijui kama ndevu imekuwa nyeupe. Kitu nakuona nayo ni ile damu tu, na ile damu inasema dawa imeshindwa. Ukikataa, nitabakia na nini? Kubali wakukate. Mi nangojea weye, singojee matumbo yako. À vous."

Mlio ulikuwa mrefu. Kisha sauti moja iliingia ambayo haikuwa ya Kinshasa wala ya watawa. Ilikuwa karibu sana na wazi sana. Kijana fulani wa kusikiliza redio, hatujui wa jeshi gani, alisema:

"Muzee, sikia mama."

Hakuna aliyemkemea.

"Bon," akasema Mzee Idrissa. "Bon. Wakate. À vous."

Walimpasua alasiri hiyo. Mama Sikujua alirudi maabara akapima damu ya watoto wa wodi ya malaria mpaka zamu ilipokwisha. Habari ilifika kesho yake: yuko hai. Jumapili nyingi zikapita kabla hajaweza kuja redioni mwenyewe. Alipokuja, alisema yeye si yule mtu aliyeondoka hapa, na kwamba kama mkewe ataona haya, hatamlaumu.

"VS?" Mama Sikujua akauliza.

"Tisa. Na hii ni ya kweli, muulize daktari."

"CRP?"

"Wanasema haionekane tena."

Alicheka kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu vita vianze, machozi yakimshuka mpaka shingoni. "Basi ile moto imezimika," alisema. "Kwa miaka yote nimekuwa nakupima, sikuwahi kuona damu yako nzuri vile. Mufuko ni mufuko tu, Idrissa. Mi nimezaliwa kwa fundi cherehani, nitakushonea ya kuifunika."

Hiyo ilikuwa mwisho wa mwaka 2000. Mngedhani aliondoka mara moja. Hakukuwa na njia. Nafasi chache za ndege za kuunganisha familia zilikuwa za watoto waliopotezana na wazazi, naye hakutaka kumkalia mtoto kiti chake. Mto ulipoanza kufunguka, ulifunguliwa kwanza kwa askari wa amani na magunia ya chakula. Mzee Idrissa naye hakuweza kupanda, kwa sababu mifuko yake inapatikana Kinshasa tu. Wakaendelea kuonana kwa namba, Jumapili hadi Jumapili. Damu ilikuwa shwari, habari ikawa fupi. Wakati mwingine walimaliza vipimo vyote, wakabaki wanasikilizana wakipumua, mpaka Sista Marthe akawakumbusha kwamba wako wengine kwenye foleni.

Katika miaka hiyo mitatu ya mwisho Mama Sikujua aliijenga upya maabara hii. Aliomba dawa za CRP kutoka Butembo na Goma, akazipokea mwenyewe Bangboka zikiwa kwenye barafu, akazishika mapajani juu ya toleka hadi hospitalini. Alianzisha utaratibu tunaoufuata hadi leo: mgonjwa anayeharisha damu na asiyeonekana na amiba hapewi vidonge vilevile kwa mara ya tatu, anapimwa damu yote kwa pamoja, anafuatiliwa, na daktari anaitwa. Wako watu katika mji huu wanaotembea kwa sababu ya utaratibu huo. Wengine wamekuja leo, wameketi safu za nyuma. Amewafundisha kazi watu ishirini na zaidi, na wote, popote walipo, hawaegemei meza.

Mwaka huu meli za biashara zimeanza kupanda tena. Ya kwanza ilipofika, mji mzima ulishuka bandarini. Watu waliimba, waligusa vyuma vyake kwa viganja. Mama Sikujua hakwenda. Alikuwa na mirija mezani. Lakini kesho yake alipeleka ombi la kustaafu, na kwenye sehemu ya sababu aliandika neno moja: safari.

Anashuka wiki ijayo na meli ya mizigo. Nadia amemshonea godoro la kulalia sitahani na kumfungia samaki wa kukaushwa wa wavuvi wa Wagenia. Anamwacha binti na wajukuu Lubunga, na hilo halimfurahishi. Ameniambia kwamba maisha yake yote atakuwa na mtu wa kumkosa kwenye mwisho mmoja wa mto au mwingine. Sisi pia sasa tuko katika hesabu hiyo.

Mama Sikujua, wafanyakazi wote wa hospitali wanakushukuru. Tunakushukuru kwa mkono wako mwepesi, kwa ukali wako, kwa karanga, kwa siku zile sita. Tutakutafuta kando ya dirisha asubuhi nyingi zijazo, na itatuuma.

Nawe Mzee Idrissa, ambaye wengi wetu hatujawahi kukuona lakini tunaijua damu yako kuliko za ndugu zetu: simama gatini mapema, meli za siku hizi hazina saa. Tulikaa naye muda mrefu kuliko ilivyokuwa haki. Tunamrudisha kwako akiwa mzima.

Mama, nenda na amani. Maji yawe mengi, mafungu ya mchanga yasiikamate meli, na maisha yenu ya pamoja yawe marefu na mema. À vous.